Ziwa moja limeota, na mgeni akija binti anajificha jikoni

*"Naishi Morogoro na watoto wangu wawili. Mama yao yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, huu mwaka wa pili. Binti ana miaka kumi na nusu, yuko darasa la tano. Wiki mbili zilizopita aliniambia huku analia kwamba chini ya chuchu ya kushoto ana kitu kigumu kama kokwa, kikiguswa kinauma. Kulia hana kitu. Jirani, mama mtu mzima, akasema ziwa la mtoto halioti hivi hivi, lazima kuna mtu anamchezea. Sikulala. Nilimuuliza mtoto kwa ukali mpaka akanyamaza kabisa, hadi leo haongei na mimi vizuri. Kuna jambo jingine: rafiki yangu wa siku nyingi, watoto wanamwita baba mdogo, huja kila Jumapili. Amezoea kumpakata binti na kumwita 'mchumba wangu', ni utani tu. Siku hizi akisikia sauti yake anajificha jikoni, nami humtoa kwa nguvu aje asalimie, maana sitaki mtoto asiye na adabu. Je, ni saratani? Ni kweli anachezewa? Na mambo ya hedhi si kazi ya shangazi? Kaka yake ana miaka 13, wanalala chumba kimoja."*

Ndugu yangu, nianze na kile kinachokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyolieleza, kokwa hilo si saratani. Ni ziwa linaota. Hivyo ndivyo linavyoanza kwa wasichana wengi: kidonge kigumu chini ya chuchu, upande mmoja kabla ya mwingine, kinauma akijigonga au akilala kifudifudi. Upande wa kulia utafuata, baada ya wiki chache au hata miezi sita. Mimi ni muuguzi na mkunga, na katika miaka yangu ya kliniki wazazi waliokuja na hofu kama yako wamekuwa wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Saratani ya matiti kwa mtoto wa miaka kumi ni jambo la nadra mno.

Na jirani yako amekosea. Imani kwamba ziwa huota kwa sababu limeshikwa ni ya siku nyingi, nimeikuta mijini na vijijini, na imewaumiza mabinti wasio na hatia. Kinachootesha ziwa kiko kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo muda wote wa utoto huwa imetulia. Wakati wake ukifika huanza kutoa homoni kwa vipindi, mwanzoni usiku, mtoto akiwa usingizini. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, kitu cha ukubwa wa punje ya njegere, nayo hupeleka ujumbe kwenye ovari. Ovari zikiamka hutoa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayolisukuma ziwa likaota. Mkono wa mtu haumo popote katika safari hiyo. Kwa wasichana huanza wakati wowote kati ya miaka 8 na 13. Binti yako yuko katikati kabisa.

Tafadhali asiguswe-guswe hapo. Asikandwe kwa maji ya moto, asibinywe, asifungwe kitambaa cha kubana, na wenzake wasimdanganye kwenda kuwakamata wale wadudu wa majini ili wamuume chuchu zikue haraka, kama wasichana wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walivyofanya tangu zamani. Zaidi ya yote, mtu yeyote asikate wala kuchoma kitu. Kidonge hicho ndicho ziwa lake lote la baadaye. Niliwahi kumhudumia mama kijana aliyekuja kliniki na mtoto wa mwezi mmoja, anamnyonyesha upande mmoja tu. Upande wa pili kifua kilikuwa bapa, na kovu dogo. Alipokuwa na miaka tisa mtu "alimtoa uvimbe". Hakuwa na uvimbe.

Sasa nikuombe tuhame kwenye ziwa, kwa sababu ziwa halina la kutuambia. Mlilitazama hilo kwa hofu, lakini ishara yenye maneno mkaiita utovu wa adabu. Mtoto aliyekuwa akikaa na mgeni kila Jumapili sasa anajificha jikoni akisikia sauti yake. Hilo ndilo la kufuatilia.

Simhukumu rafiki yako. Inawezekana sababu ni nyepesi: kifua kinauma, na akipakatwa na kubanwa kinauma zaidi. Inawezekana anaona mwili wake unabadilika, anaona haya, na neno "mchumba" ambalo akiwa na miaka sita lilimchekesha sasa linamchoma. Inawezekana pia kuna jambo baya limetokea, au limeanza kusogea. Kwa nje, yote matatu yanafanana. Kwa hiyo usikisie. Lakini kumpakata kukome leo, kabla hujajua sababu ni ipi, kwa kuwa katika yote matatu mtoto amekwisha kusema hataki. Amesema kwa miguu yake.

Unaniambia ni utani. Utani naujua, nimekulia ndani yake. Lakini utani una watu wake: babu na mjukuu, shemeji, makabila yanayotaniana. Babu akimwita mjukuu "mke wangu", husema mbele ya watu wote, na mjukuu ana ruhusa ya kumjibu "sikutaki, huna meno", akakimbia zake na hakuna anayemrudisha. Pande zote mbili zinataniana. Huyu wa kwenu watoto wanamwita baba mdogo. Mmempa cheo cha baba, basi abaki na adabu ya cheo hicho. Ni mila gani baba humwita mwanawe mchumba?

Na kuhusu salamu, hofu yako ya kulea mtoto asiye na adabu naielewa, sote tumelelewa hivyo. Tazama lakini shikamoo yenyewe: ni neno la mdomoni. Mtoto anaweza kusimama mlangoni, akasema "shikamoo baba mdogo", akapokea marahaba yake na kurudi jikoni, na adabu yake imetimia. Kukaa mapajani mwa mtu hakumo ndani ya shikamoo.

Mpigie rafiki yako kabla ya Jumapili, mkiwa wawili tu, na usizunguke: "Binti amekua. Siku hizi hapakatwi, na lile neno la mchumba tuliache." Basi. Mtu mwema ataona aibu kidogo, atasema sawa, na urafiki wenu utaendelea. Akicheka na kuendelea, akikuambia unamharibu mtoto, au akianza kutafuta nafasi za kuwa naye peke yake, kumpa hela kimya kimya, kumchukua kwa bodaboda kutoka shule, kumpa simu achezee, hapo umepata jibu ambalo usingelipata kwa kumhoji. Wanaodhuru watoto mara nyingi huanza kwa zawadi na mguso mdogo, wakipima kama mtoto atasema na kama wazazi watasikia.

Kisha mrudie binti yako, maana ule ukali umeweka ukuta kati yenu na ni wewe mkubwa wa kuubomoa. Msimweke kitako kama kesi. Tafuteni kazi ya mikono, kuchambua mchele au kumenya njugu, macho yasikutane sana, halafu mwambie: "Mama, siku ile nilikuuliza kwa ukali. Nilikosea. Ziwa lako halina tatizo, ni kukua tu, hukufanya kosa lolote." Acha hilo litulie. Siku hiyo hiyo au kesho yake: "Nimeona baba mdogo akija unajificha. Sitakutoa tena kwa nguvu. Ni nini kinakufanya usitake kukaa naye?" Ukishauliza, nyamaza. Usimtafunie maneno kwa kumuuliza "alikushika wapi?", kwa sababu mtoto mwenye hofu hukubali chochote ili mahojiano yaishe, na ushahidi nao huharibika. Akisema hakuna kitu, mwambie mlango uko wazi siku yoyote, na uendelee kuwa karibu.

Akikuambia jambo zito, maneno matatu yatamtosha kwa kuanzia: nakuamini, si kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Usikimbilie kwa huyo mtu na panga. Wala usikubali kikao cha ukoo cha kuyamaliza nyumbani, maana kumdhuru mtoto kingono ni jinai, haina suluhu ya mbuzi. Nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, haina malipo (Kenya nao wana namba hiyo hiyo). Kama aliingiliwa, mpeleke hospitali mara moja, kabla hajaogeshwa, nguo zake zisifuliwe: dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Mipaka anafundishwaje mtoto wa Kiswahili, asije akaonekana kiburi? Sisi tunayo hodi. Binti yako anajua tangu akiwa mdogo kwamba nyumba ya watu haiingiwi bila hodi. Unabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Ukimya si karibu. Na hata aliyekaribishwa sebuleni hajakaribishwa chumbani. Mwambie mwili wake ni hivyo hivyo, una mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Daktari au muuguzi akihitaji kumpima, atamweleza kwanza na wewe au mama mwingine atakuwepo. Nimewaeleza hivi watoto wa miaka saba wakaelewa pale pale, kwa sababu hodi wanaijua kwa vitendo. Mpe pia majina halisi. Nyumbani tunapenda kusema "kitumbua" au "dudu", lakini mtoto akimwambia mwalimu kwamba fulani amemshika kitumbua, mwalimu atadhani amenyang'anywa chakula. Uke, uume, matiti, makalio: yaseme kawaida kama unavyosema goti. Na mwekeeni sheria moja ya nyumbani, kwamba mtu mzima hana siri na mtoto. Yeyote atakayesema "usimwambie baba", baba aambiwe.

Huenda unaogopa kwamba kumweleza mapema kutamfungua macho. Mwaka 2018 UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walitoa mwongozo wao wa elimu ya ujinsia baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi, na tafiti hizo hazikuonyesha kwamba inawaharakisha vijana kuanza ngono. Mtoto wa darasa la tano tayari anasikia mambo haya choo cha shule na kwenye simu za wenzake. Swali ni nani mwingine atakuwa amemwambia kabla yako.

Shangazi sasa. Una haki ya kumtaja. Zamani kazi hii ilikuwa na mwenyewe: somo, kungwi, shangazi, na kwa makabila mengi ya pwani na Morogoro hapo kwenu unyago ulikuwa shule kamili. Ninachokipenda katika utaratibu ule ni kwamba kila binti alikuwa na mtu mmoja aliyejulikana wa kumuuliza. Nisichokipenda ni kwamba mara nyingi alifundishwa damu ikiwa imeshatoka, na mengine aliyofundishwa ni ya mke, wakati yeye bado mtoto. Kuvunja ungo si kukomaa. Nyonga zake zitaendelea kupanuka kwa miaka baada ya hedhi ya kwanza, na ubongo wake utaendelea kukomaa hadi atakapopita miaka ishirini. Kama shangazi yuko karibu na ana busara, mwombe. Lakini damu haitasubiri shangazi atoke Tabora. Itatoka Jumatano asubuhi, uko peke yako na watoto. Wewe nawe ujue.

Hedhi ya kwanza huja kwa kawaida miaka miwili, miwili na nusu, tangu ziwa lianze kuota, kwa hiyo kwa binti yako huenda ikawa karibu na miaka 12 au 13. Miezi michache kabla, ataona ute mweupe kwenye chupi. Ni kawaida, asipelekwe kuchomwa sindano, labda uwe unanuka vibaya au unawasha. Mara ya kwanza yenyewe yaweza kuwa doa la kahawia tu, akadhani amejichafua. Mwambie mapema, kwa maneno mepesi: ndani ya tumbo la chini kuna mfuko wa uzazi. Kila mwezi hujitandikia utando laini wa kumpokea mtoto, na asipokuwepo mtoto utando huo hutoka pamoja na damu kwa siku mbili hadi saba. Si jeraha, si uchafu. Damu yenyewe kwa siku zote hizo huwa kama vijiko viwili au vitatu vya chakula, ingawa kwa macho huonekana nyingi.

Baba mmoja aliniambia hawezi, atakufa kwa aibu. Nikatoa pedi kwenye pakiti, nikamwekea mezani na chupi mpya. Akaifungua, akaibandika vibaya, gundi juu. Akaibandua, akaigeuza, akakunja yale mabawa chini ya chupi. Nikampa kijiko cha maji amwagie, aone inavyonyonya. Dakika tano. Alipoinuka alikuwa anaongea kama anayefundisha kufunga kamba za viatu. Nunua pakiti moja ujaribu peke yako kwanza, kisha mfundishe binti, na umwekee kwenye begi la shule kifuko chenye pedi mbili na chupi safi. Abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita. Kama mnatumia vitambaa, vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani, visifichwe chini ya godoro vikapata ukungu. Na mwaka wa kwanza au wa pili, mwezi ukiruka, usimtuhumu mimba. Ovari bado zinajifunza kazi, na mzunguko wa siku 21 hadi 45 kwa umri huo ni wa kawaida. Aelewe pia, akifikia umri wa kuambiwa, kwamba yai hutoka kabla ya damu, kwa hiyo mimba inawezekana hata kwa ambaye hajaona hedhi yake ya kwanza.

Kaka yake wa miaka 13 usimsahau, wavulana tunawaacha wajiokotee wenyewe. Sauti yake itakwaruza, atatoka jasho lenye harufu, na asubuhi nyingine ataamka shuka limelowa. Ni ndoto nyevu, mwili unafanya wenyewe, hakuna aliyekosea. Usimcheke, mwonyeshe pa kulowekea shuka. Wavulana wengi huota pia kidonge chini ya chuchu, na hunywea chenyewe ndani ya mwaka au miaka miwili. Mwambie moja kwa msisitizo: korodani ikimuuma ghafla, hata usiku wa manane, akuamshe. Yaweza kuwa imejisokota, na baada ya takriban saa sita inaweza kufa. Vijana wameipoteza kwa sababu ya aibu. Na yeye afundishwe hodi ile ile: haingii dada yake anapovaa, hatanii kifua chake, na mwili wake naye unalindwa, maana wavulana nao hudhuriwa.

Chumba kimoja hakifai tena. Kama ni Waislamu, mnajua agizo la kuwatenganisha malalo wakifika miaka kumi. Hata kama si Waislamu, busara yake iko palepale. Nyumba yenye vyumba viwili inatosha: mvulana alale chumba chako, binti abaki na chake. Ikishindikana kabisa, tundika pazia zito katikati, na pangeni zamu ya kuoga na kuvaa.

Hospitali mpeleke binti ikiwa ziwa litakuwa jekundu na la moto, akapata homa, likatoa usaha au damu, au kidonge kikawa na umbo la ajabu na kukua haraka. Baadaye, mpeleke hedhi ikizidi siku saba au pedi ikijaa kila saa moja au mbili, maumivu yakimzuia kwenda shule, au akifika miaka 15 bila hedhi. Kwa wasomaji wengine: ziwa likiota kabla ya miaka 8, au dalili za mvulana zikianza kabla ya 9, muone daktari. Na vivyo hivyo msichana asiyeota ziwa hadi 13 au mvulana asiye na dalili yoyote hadi 14.

Umesema mama yao yuko Muscat. Huko wametangulia saa moja tu mbele yetu, na Ijumaa ni siku ya mapumziko, huenda akapata nafasi. Mweleze yote haya kwa ujumbe kabla, ajue pa kuanzia. Ijumaa akipiga, mpe binti simu, toka nje na kaka yake, na msirudi mpaka awaite.